Kumkalisha Mgonjwa Ili Asikike: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mtu Aliyedhoofika Usemi

Kwa miezi miwili baada ya kiharusi, mama yangu mkubwa alizungumza kwa sauti ambayo ilitubidi tumwinamie hadi kinywani ndipo tuisikie. Mahali pake palikuwa kwenye kochi la sebuleni, lile laini linalommeza mtu hadi kiunoni, na sote tuliamini kwamba kasoro imo kwenye ulimi. Mtaalamu wa tiba ya usemi alipofika nyumbani hakuanza na ulimi. Alimwomba ahesabu kuanzia moja kwa pumzi moja akiwa pale pale kochini. Alifika nne, pumzi ikakatika. Tulimhamishia kwenye kiti cha mbao cha mezani, tukamsogeza makalio hadi nyuma kabisa, tukaweka kigoda chini ya nyayo zake na mto chini ya mkono wa kushoto uliopooza. Alihesabu tena akafika saba, na hiyo saba ilisikika hadi jikoni. Dawa haikuongezwa wala zoezi halikufanywa; tulichobadilisha ni namna alivyokaa.

Mwongozo huu ni kwa wale wanaomuuguza nyumbani mtu ambaye alikuwa akisema vizuri, kisha akapatwa na ugonjwa au ajali iliyoudhoofisha usemi wake: kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, jeraha la kichwa (ambalo huku kwetu mara nyingi huletwa na ajali ya bodaboda), jeraha la uti wa mgongo, au maradhi yanayoziua polepole neva zinazoendesha misuli. Usemi unaoharibika kwa sababu misuli ya kusemea imelegea, imekakamaa au haipatani katika mwendo wake huitwa na wataalamu disathria. Ni tofauti na afasia, ambayo humfanya mtu apoteze maneno yenyewe, au ayasikie asiyaelewe, hata kama misuli ya kinywa chake ni mizima. Tofauti hii ishikwe mapema, kwa sababu mkao mzuri husaidia pumzi na sauti, lakini hauwezi kumrudishia neno mtu ambaye neno lenyewe limemtoka akilini. Wagonjwa wengi wa kiharusi wana yote mawili, na familia hukikatia kiti tamaa pale wanapoona mzee amekaa vizuri, sauti imepanda, na bado anasema "kijiko" akikusudia "kikombe". Kiti kimekwisha kufanya kazi yake hapo; hilo la pili lina tiba yake.

Kinachotokea mwilini

Sauti huanza na hewa. Mapafu hayajivuti yenyewe. Hutanuliwa na mbavu pamoja na diaframu, msuli mpana uliokaa mfano wa kawa kati ya kifua na tumbo. Mtu anapovuta pumzi, kawa hiyo hushuka na kuyasukuma matumbo chini na mbele, nazo mbavu hufunguka. Anaposema, hewa hurudi juu polepole, hupita kwenye zoloto ambamo nyuzi mbili za sauti hukutana na kutetemeka, kisha koromeo, kinywa na pua hulipa tetemo hilo umbo la maneno. Mazungumzo ya kawaida hayahitaji shinikizo kubwa la hewa. Takribani sentimita 5 hadi 10 za maji hutosha, yaani nguvu ya kupuliza mapovu kwa mrija uliozama kina hicho. Kinachohitajika ni shinikizo hilo kudumu bila kuyumba hadi mwisho wa sentensi. Mtu mwenye afya ana akiba kubwa ya nguvu, ndiyo maana anaweza kupiga soga akiwa amejikunja, amelala ubavu au amebeba ndoo kichwani. Mgonjwa hana akiba hiyo, na kila kinachoibana pumzi yake hulipwa na sauti.

Mtu akizama kwenye kochi, nyonga huteleza mbele, mgongo hupinda na kidari hushuka kukifuata kitovu. Tumbo hubanwa kati ya mbavu na mapaja, na diaframu ikitaka kushuka haina pa kushukia. Kichwa, ambacho kina uzito wa karibu kilo 5, huyatangulia mabega. Kisha, kwa kuwa mgonjwa anataka kuwaona watu, hukiinua kidevu, na misuli ya mbele ya shingo inayolishikilia zoloto hukazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Pumzi huwa fupi, sauti huwa ya kunong'ona au ya kukwaruza, na baada ya sentensi mbili tatu mgonjwa huchoka akanyamaza.

Lugha yetu nayo haimwonei huruma mtu anayeishiwa pumzi, kwa sababu mambo mengi ya maana huyaweka mwishoni mwa neno. "Fungua" na "funga" ni amri mbili zinazopingana, na kinachozitenganisha ni mkia wa neno, sehemu ile ile inayozimika hewa inapokwisha. "Nipigie" ni ombi la simu, na "nipige" ni kitu kingine kabisa. Nimeshuhudia dirisha likifungwa mara mbili mbele ya mtu aliyekuwa akiomba hewa, na waliolifunga wakahitimisha kwamba amechanganyikiwa. Alisema sawasawa, sauti ndiyo iliyofika nusu ya njia.

Kiti

Kiti kinachofaa ni kigumu kiasi, kina egemeo la mgongo na la mikono, na urefu wake unalingana na mguu wa mgonjwa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka kunjo la nyuma ya goti hadi sakafuni, mgonjwa akiwa amevaa kandambili au viatu anavyovaa kila siku. Huo ndio urefu unaoutaka kwa sehemu ya kukalia, na watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 38 na 46. Kiti kikizidi, usihangaike kukikata miguu, bali weka chini ya nyayo ubao mpana au kigoda kisichoyumba. Kikipungua, magoti hupanda juu ya nyonga na tumbo hubanwa tena, na hii ndiyo sababu kigoda chenyewe, pamoja na mazoea yetu yote, si cha kumkalishia mtu unayetaka asikike. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu; kiti kilichokwenda ndani mno humlazimisha mgonjwa ateleze mbele ili miguu yake ipate kukunjika.

Viti vya plastiki, ambavyo ndivyo vilivyomo katika nyumba nyingi, huinamia nyuma na huteleza. Kunja kanga mbili au blanketi jembamba uujaze ule mteremko hadi pawe sawa, kisha tandika juu yake kipande safi cha raba kisichoteleza. Kiegemeze ukutani pia, maana miguu ya viti hivi huweza kufunguka bila taarifa. Kiti cha magurudumu nacho si lazima kiwe kizuri kwa sababu tu kimetoka hospitali. Vingi ni vipana kuliko aliyevikalia, naye huegemea upande mmoja akitafuta ukuta. Na kitambaa cha kukalia kikishalegea humfanya mtu akae kama yumo ndani ya bembea. Ubao uliokatwa kwa kipimo na kufunikwa sponji huponya bembea hiyo, na vitenge vilivyoviringishwa na kupachikwa pande mbili za mapaja huuziba upana.

Kwa wanaokaa chini juu ya mkeka, miguu iliyonyooshwa mbele huivuta nyonga nyuma na mgongo hupinda. Mwinue makalio kwa mto mgumu wenye kimo cha shubiri, mgongo uwe ukutani, magoti yakunjwe kidogo. Kitandani, kosa linalorudiwa kila siku ni kurundika mito nyuma ya kichwa na mabega peke yake, jambo linalomkunja mgonjwa kifuani badala ya nyonga. Mito ianzie kiunoni, mgonjwa avutwe juu hadi nyonga zifike mahali kitanda kinapopanda, na mto mdogo uwekwe chini ya magoti ili asiteleze.

Nyonga

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kabla ya kumgusa mgonjwa, keti wewe mwenyewe kwenye kiti kigumu, ingiza viganja chini ya makalio, na utagusa mifupa miwili iliyochongoka. Kaa wima, utaisikia ikikandamiza vidole. Sasa uache mgongo upinde kama umechoka, nayo itaviringika na kuviacha. Mgonjwa wako ameviringika hivyo hivyo, isipokuwa yeye hawezi kujirudisha. Wataalamu huanzia nyonga kwa sababu mgongo, mabega na kichwa hufuata zilikokwenda. Ukinyoosha mabega na kuiacha nyonga imeteleza, utakuwa unanyoosha ukuta uliojengwa juu ya msingi uliokwenda upande.

Kumrudisha nyuma, simama mbele yake, nyayo zake zikiwa sakafuni na zimerudi kidogo chini ya magoti. Mwinamishe mbele hadi pua ije juu ya vidole vya miguu; makalio yatakuwa mepesi. Msogeze kalio moja nyuma, kisha la pili, kama mtu anayetembea kwa makalio, mpaka mgongo wa chini uguse egemeo. Usimvute kwa kwapa wala kwa mkono uliopooza. Bega lililopooza halina misuli ya kulishika mahali pake, na maumivu ya bega lililovutwa hudumu miezi na hubana pumzi kuliko kochi lenyewe.

Kisha mtazame kwa mbele. Mstari wa vifungo vya shati ni timazi nzuri: ukiinama upande, kiwiliwili kimeinama. Jambo la haraka ambalo kila mtu hufanya ni kulisukuma bega lirudi, nalo hukaa dakika moja na kuanguka tena. Tazama chini badala yake. Aghalabu kalio moja limezama au linabeba uzito zaidi; ingiza taulo lililokunjwa, unene wa kidole kimoja tu kwa kuanzia, chini ya upande uliozama, na utazame tena vifungo. Ukibaki na mwinamo mdogo, mto wa ubavuni unatosha. Nyuma, kwenye ule mviringo wa kiuno, weka kanga iliyoviringishwa unene wa kifundo cha mkono. Ikizidi hapo itamsukuma mbele.

Neno moja kuhusu kufunga. Wapo wanaomfunga mgonjwa kwa kanga kifuani ili asianguke, na ninaelewa hofu yao, lakini kanga ya kifuani ndiyo hasa inayozizuia mbavu kufunguka, na mgonjwa akiteleza chini huweza kumpanda shingoni na kumnyonga. Mshipi, kama lazima uwepo, hupita juu ya mapaja karibu na nyonga ukivutwa chini na nyuma, mfano wa mkanda wa kiti cha ndege, wala hapaswi kuachwa peke yake akiwa amefungwa.

Mkono, kichwa na wageni

Mkono mzima wa mtu ni takribani asilimia 5 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 zinazoning'inia kwenye bega lisilo na nguvu na kukivuta kifua chini upande mmoja mchana kutwa. Uinue mkono huo uukalishe juu ya mto au meza, kiwiko kikiwa mbele kidogo ya bega na kiganja kimefunguka. Kwa waliopatwa na jeraha la ubongo wa nyuma, ambao mwili wao huyumba wanapotaka kuwa imara na usemi wao huyumba nao, kuweka mikono yote miwili juu ya meza huleta utulivu unaosikika mara moja katika sauti.

Kichwa kikae hivi: sikio juu ya bega, kidevu hakikuinuliwa wala hakikuzama kifuani, macho yanatazama mbele. Mara nyingi kichwa hujirekebisha chenyewe nyonga zikishakaa, na kisiporekebika tafuta kinachokivuta. Televisheni iliyotundikwa juu humfanya ainue kidevu. Simu iliyolazwa mapajani humkunja shingo. Lakini kinachovuta zaidi, kwa maoni yangu, ni sisi. Mgeni huingia, husimama mbele ya mgonjwa aliyeketi, huuliza hali, na mgonjwa kwa heshima huinua uso ili ajibu. Shingo inakazwa, sauti inakwaruza, mgeni anasema "sikusikia, baba", na anasogea karibu zaidi akiwa bado amesimama. Kwa upande wa pili, wajukuu huketi chini mkekani na babu huinama kuwaongelesha. Wekeni kiti cha pili mbele yake, umbali wa hatua moja, na kila anayetaka kuzungumza naye aketi hapo. Ni utaratibu wa kuufundisha nyumba nzima, na mzee mwenyewe anaweza kuona haya kumwambia mgeni akae, kwa hiyo mwambieni ninyi.

Akishakaa, mpe pumzi kadhaa za utulivu kabla ya kumtaka aseme. Aweke kiganja cha mkono mzima juu ya tumbo alisikie likijaa, kisha aanze kusema mara tu hewa inapoanza kutoka. Wengi huvuta pumzi, huipoteza nusu yake, ndipo huanza. Maneno matatu manne kwa pumzi yanatosha: "Niletee maji", pumzi, "ya moto", pumzi, "kwenye kikombe kile".

Kuupima mkao kwa masikio

Usiamini macho peke yake, kwa sababu mkao unaopendeza kutazama si lazima uwe unaosikika. Rekodi kwa simu ukiwa umeiweka umbali ule ule kila mara, kwa mfano shubiri moja na nusu kutoka kinywani. Rekodi kwanza katika mkao wa zamani, mpumzishe, kisha rekodi katika mkao mpya, na siku nyingine badilisha mpangilio ili uchovu usikudanganye. Vipimo vitatu vinatosha: ahesabu kwa pumzi moja kadiri awezavyo, atoe sauti ya "aaa" kwa nguvu ya kawaida huku ukihesabu sekunde, na aseme maneno anayoyajua kwa moyo, iwe ni Al-Fatiha au Baba Yetu, nawe uangalie ni wapi anapokatikia pumzi. Cha mwisho hiki ndicho ninachokipenda, kwa kuwa mgonjwa hasikii kama anatahiniwa.

Kipo kipimo kingine cha nyumbani ambacho wataalamu wa usemi wamekitumia tangu miaka ya 1980. Jaza glasi maji, weka mrija ncha yake ikiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, na mgonjwa apulize mapovu polepole kwa sekunde 5 bila kukatika. Anayeweza ana shinikizo la kutosha kwa sehemu kubwa ya mazungumzo, na kama sauti yake bado ni dhaifu, tatizo huenda liko kwenye nyuzi za sauti kuliko kwenye pumzi. Asiyeweza kochini akaweza kwenye kiti cha mbao amekupa jibu. Usikifanye kipimo hiki kwa mtu anayepaliwa na maji au asiyeelewa tofauti ya kupuliza na kufyonza.

Wima si sheria kwa wote

Mwaka 1969 watafiti watatu wa Mayo Clinic nchini Marekani, Frederic Darley, Arnold Aronson na Joe Brown, walionyesha kwamba disathria si ugonjwa mmoja, na kwamba sikio lililofunzwa linaweza kutofautisha ule wa ulegevu, wa ukakamavu, wa kuyumba na mingineyo. Kwa mantiki hiyo hiyo hakuna mkao mmoja unaowafaa wote, na hapa ndipo ushauri wa "mkalishe wima" unapoweza kudhuru.

Mtu ambaye diaframu yake imedhoofika, kama inavyotokea katika maradhi yanayoziua neva za misuli, hupumua na kusema vizuri zaidi akiwa wima, kwa kuwa uzito wa matumbo huishusha diaframu badala yake. Akilala chali sauti hukatika na huweza kukosa pumzi kabisa. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni huwa kinyume: diaframu yake mara nyingi inafanya kazi, ila misuli ya tumbo imepooza, na akikaa wima matumbo huanguka mbele, diaframu hushuka mno na hukosa pa kuanzia. Huyo hupata pumzi nzuri zaidi akilazwa au akiegemezwa nyuma. Baadhi yao hufungwa mshipi mpana wa tumbo wanapoketi, nao huweza kuongeza sauti, ila upana na mkazo wake huamuliwa na mtaalamu, kwa sababu mshipi uliopanda hadi mbavuni hufanya kazi ya ile kanga ya kifuani.

Wengine shida yao iko kwenye kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma ya paa la kinywa inayopaswa kupanda na kuziba njia ya pua. Ikilegea, hewa yote hukimbilia puani, na herufi zenye mlipuko hugeuka: "baba" husikika kama "mama", na "bibi" kama "mimi". Kuegemea nyuma huliacha kaakaa lianguke kuelekea ukuta wa koromeo kwa uzito wake, na "baba" huweza kurudi kuwa baba. Jaribu kumwegemeza kidogo kidogo huku ukisikiliza, lakini kwa kuzungumza tu. Wakati wa kula na kunywa arudi wima, na abaki wima kama nusu saa baada ya mlo, maana mkao unaosaidia sauti yake ndio unaoweza kupeleka uji mapafuni.

Ugonjwa wa Parkinson

Katika ugonjwa huu mwili hujikunja mbele taratibu na sauti hufifia nayo, na ni kawaida mno: katika uchunguzi wa wagonjwa 200 uliochapishwa mwaka 1978, asilimia 89 walikuwa na tatizo la sauti. Mgonjwa haamini kwamba sauti yake imepungua. Yeye hujisikia anasema kama zamani, na ukimtaka apaze huona anapiga kelele. Kumwambia "nyooka" mara ishirini kwa siku hakuna faida, kwa kuwa hunyooka kwa sekunde chache tu. Mpe kitu cha kulenga: asogee nusu ya mbele ya kiti kigumu, nyayo zikandamize sakafu, na atazame alama iliyobandikwa ukutani usawa wa macho yake, kisha aipelekee sauti alama hiyo. Chagua saa ambayo dawa yake imeshika. Mkao hapa ni maandalizi tu. Tiba inayojulikana zaidi kwa sauti yao, LSVT LOUD, iliyoanza Marekani mwaka 1987, ni mazoezi mazito ya kupaza sauti, vipindi 16 ndani ya wiki 4, na haiwezi kubadilishwa na kiti.

Ya kuangalia

Mgonjwa akipata kizunguzungu, akipauka au akitoka jasho anapokalishwa, huenda shinikizo la damu limeshuka. Mlaze, na safari nyingine umwinue kwa hatua. Anayekaa muda mrefu abadilishiwe uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30, hasa asiyehisi makalio yake, kwa sababu kidonda cha mgandamizo huanza kimyakimya, na kikishafunguka atalazwa kwa wiki nyingi. Sauti inayogeuka kuwa ya majimaji baada ya kunywa, kama mtu anayezungumza huku akisukutua, ni dalili kwamba kinywaji kinaingia njia ya hewa, na sauti iliyobadilika ghafla pamoja na uso kwenda upande au mkono kukosa nguvu ni ya kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo, si ya kurekebisha mto.

Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na nje ya miji mikubwa familia nyingi hazijawahi kukutana na mmoja wao. Fundi wa mkao, hata hivyo, hapatikani katika idara hiyo peke yake. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya anajua nyonga kuliko mtu mwingine yeyote. Mpelekee rekodi zako mbili, ya kochini na ya kitini, umwombe akuonyeshe namna ya kumkalisha huku ukimsikiliza mgonjwa akihesabu. Swali la sauti humshangaza kidogo, kisha hulipenda.

Wala usimkalishe mtu hivi kutwa. Mkao wa kusemea ni kazi, na misuli iliyodhoofika huimaliza ndani ya nusu saa hivi, baada ya hapo hata kiti bora hukaa na mtu aliyechoka. Chagua nyakati zinazostahili: mlo, ibada, wageni, simu. Mama mkubwa bado analipenda kochi lake, na baada ya adhuhuri tunamwacha azame humo atakavyo, akinong'ona na redio. Simu ya mwanawe inapokaribia kulia, saa moja usiku, humwita mjukuu na kumwambia, "Nletee kile kiti changu cha kusemea."